Pikapu ya dizeli inapovuta na kulegea yenyewe kwenye mwendo mmoja

Ndugu mafundi, ndugu madereva, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza,

Tatizo la leo analijua kila aliyeendesha pikapu safari ndefu. Barabara imenyooka, gia ya tano, mguu umetulia kwenye pedali ya mafuta, spidi 80 au 90. Hakuna mlima, hakuna lori mbele. Mara injini inaanza kuvuta na kulegea yenyewe. Mshale wa mizunguko unatoka 2,200, unagusa 2,300, unarudi, unapanda tena, kila baada ya sekunde moja au mbili. Kichwa cha abiria kinayumba mbele na nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, linaisha. Ukiachia kabisa, linaisha. Taa ya injini haiwaki. Na ukifika gereji injini inanguruma vizuri kabisa, fundi anakutazama kana kwamba umeota.

Kwa kuwa halijitokezi gereji, tatizo hili limekula fedha za watu wengi bila sababu. Inanunuliwa filta, halafu nozeli nne, halafu pampu nzima, na gari linarudi vilevile. Ombi langu kwenu ni moja: kabla hakijanunuliwa kifaa chochote, gari lipelekwe barabarani likiwa na skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na ijulikane ni kitu gani kinaanza kuyumba kwanza. Nitatumia Toyota Hilux yenye injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0 au 2KD-FTV ya lita 2.5, kwa sababu ndizo zimejaa huku kwetu. Mengi nitakayosema yanafaa pia kwa Isuzu D-Max ya 4JJ1 na Mitsubishi L200 ya 4D56 ya komonreli, maana zote zinatumia pampu za Denso za ukoo mmoja, HP3.

Tuanze na swali ambalo halihitaji hata spana. Mshale wa mizunguko unapopanda, je, spidi ya gari nayo inapanda?

Kwenye gari la gia za mkono, klachi ikiwa imeshika, injini na matairi vimefungwa pamoja. Injini haiwezi kuongeza mizunguko peke yake. Pigeni hesabu: gari likienda kilomita 100 kwa saa kwa mizunguko 2,400, kila mizunguko 200 ni zaidi ya kilomita 8 kwa saa. Badiliko la namna hiyo mgongo wako unalisikia. Kwa hiyo mshale ukicheza mizunguko 200 juu na chini huku gari limetulia kabisa, injini haina kosa. Mshale ndio unaodanganywa: waya wa ishara unaogusa mahali, plagi ya sensa ya krenki iliyoingia maji au mafuta, au ethi mbovu nyuma ya dashibodi. Mshale wa spidi wenyewe huchelewa kidogo kujibu, basi tumieni spidi ya GPS ya simu kulinganisha. Nanyi mnaohisi klachi inateleza, klachi iliyochoka hujionyesha kwanza kwenye mzigo na mlimani, si kwenye mwendo mwepesi wa tambarare. Weka gia ya tano kwenye kilomita 60, kanyaga mafuta yote: mizunguko ikiruka juu na spidi ikabaki nyuma, hapo klachi ndiyo yenyewe.

Gari la oto lina habari nyingine. Ndani ya toki konveta, sehemu inayounganisha injini na giaboksi, kuna klachi ndogo inayofunga gari likishatulia kwenye mwendo, ili injini na giaboksi vizunguke sawa. Ikifunga mizunguko inashuka, ikifungua inapanda, na tofauti yake ni mizunguko mia mbili mpaka mia nne hivi. Ikiwa inafunga na kufungua ovyo, dereva ataapa kwamba injini ina kasoro. Jaribio lake ni jepesi. Gari likiwa kwenye tatizo, gusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa za breki tu, breki zenyewe zisishike. Kompyuta itafungua ile klachi. Kama kuyumba kunakoma papo hapo, mizunguko ikabaki juu na kutulia, acheni pampu na nozeli, nendeni kwenye giaboksi. Na kabla ya kushusha giaboksi, angalieni swichi ya breki. Swichi iliyolegea hugusa na kuachia barabara ikiwa na matuta madogo, na kila ikigusa klachi inafunguka. Mtu akifuata nyuma kwa gari lingine ataziona taa za breki zikipepesa. Baada ya swichi, tazameni kiwango na rangi ya oili ya giaboksi, na hakikisheni iliyomo ni ile iliyotajwa kwa gari hilo: Toyota za zamani zinataka T-IV, za baadaye WS, na hazichanganywi. Klachi kufunguka kwenye kimlima kidogo na kufunga tena baada yake ni kawaida, hilo si ugonjwa.

Sasa tuchukulie kwamba mizunguko na spidi vinapanda pamoja. Hapo injini kweli inabadilisha nguvu, na kazi yetu inaanzia hapo.

Barabarani mwende watu wawili. Mmoja anaendesha na macho yake yanabaki mbele, mwingine anashika skana. Chagueni kipande kirefu, kilichonyooka, chenye magari machache, kama vile vya kati ya Dodoma na Singida. Injini iwe imeshapata moto sawasawa. Kwenye skana msifungue orodha nzima, kwa sababu kadiri mnavyosoma vitu vingi ndivyo kila kimoja kinavyosomwa kwa kuchelewa, na kuyumba kwa sekunde moja kutawapita. Chagueni vitano: mizunguko ya injini, asilimia ya pedali ya mafuta, presha inayotakiwa ya reli (bomba linalobeba dizeli ya presha kwa nozeli zote), presha ya reli iliyopo, na kiasi cha mafuta yanayopulizwa. Viwekeni kwenye grafu, rekodini dakika mbili tatu za tatizo, kisha kaeni kando ya barabara mtazame. Skana ndogo za Bluetooth za bei nafuu mara nyingi hazioni presha inayotakiwa kwenye Hilux za Vigo, yaani hizi za 1KD na 2KD, zinaona iliyopo tu au hazioni yoyote. Tafuteni inayosoma Toyota kwa undani, au programu ya Techstream kwenye kompyuta mpakato.

Hapa nitakaa kidogo, maana kusoma grafu ndiyo nusu ya kazi, na wengi wanaisoma vibaya. Presha inayotakiwa si namba iliyoganda. Kompyuta huipanga kwa kutazama mizunguko na kiasi cha mafuta, kwa hiyo injini ikiyumba, presha inayotakiwa nayo itayumba, hata kama kosa haliko kwenye pampu. Mtu akiona mistari yote miwili inacheza anasema "pampu imekufa". Si lazima. Cha kutazama ni mstari upi unatangulia.

Pedali ikitangulia, mguu wa dereva ukiwa umetulia, kosa liko kwenye pedali au kwenye chochote kilichofungwa kati ya pedali na kompyuta. Pedali ikiwa imenyooka kama rula, na presha iliyopo ikaanza kupita juu ya inayotakiwa, kisha chini yake, kisha juu, ndipo mizunguko ikafuata, hapo mfumo wa kudhibiti presha unahangaika: vali ya SCV, au hewa ndani ya dizeli. Presha iliyopo ikibaki chini ya inayotakiwa muda wote, na pengo likaongezeka mzigo unapoongezeka, pampu haipati dizeli ya kutosha au nozeli zinarudisha nyingi mno. Na pedali, presha na mafuta vyote vikiwa vimetulia huku injini inavuta na kulegea, geukieni upande wa hewa.

Niseme kwanza kuhusu vali ya SCV, kwa kuwa kwenye injini hizi ndiyo inayoongoza. Imefungwa kwenye pampu ya presha. Kazi yake ni kupima ni dizeli kiasi gani iingie kwenye vyumba vya kusukumia. Kompyuta huipelekea umeme wa kukatakata kwa haraka, na kipistoni kidogo ndani yake kinateleza kufungua na kuziba tundu. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, presha ya reli huwa kati ya MPa (megapaskali, kipimo cha presha) 30 na 40 hivi, na kwenye mzigo mkubwa injini za kizazi hiki hupita MPa 130. Kipistoni kikianza kukwaruzika au kupata utando, hakitelezi laini tena. Kompyuta inaomba presha ipande kidogo, kipistoni hakisogei. Inaongeza umeme, bado. Inaongeza tena, kinaruka na kupitiliza. Presha inazidi, kompyuta inapunguza, kinagoma tena, kinaruka upande wa pili. Ndiyo maana tatizo linajitokeza kwenye mwendo mwepesi uliotulia. Kukanyaga mafuta kwa nguvu kunakisogeza kipistoni mwendo mrefu na hakipati nafasi ya kukwama. Kwenye mwendo mmoja kinatakiwa kisogee unywele tu, na kusogea unywele ndiko kunakokishinda. Taa haiwaki kwa sababu presha haikai nje ya mpaka kwa muda wa kutosha. Ikizidi kuharibika ndipo misimbo ya makosa inatokea kwenye skana: P0087 presha ikiwa chini mno, P0088 ikiwa juu mno, na kwenye Toyota P1229.

Fundi mwingine huchomoa plagi ya SCV, anapima ukinzani, anapata karibu ohm 2, anasema vali ni nzima. Kipimo hicho kinaonyesha koili haijakatika, basi. Vali iliyokwama ina koili nzima kabisa. Pimeni, kwa kuwa koili iliyokatika nayo ipo na huleta P0627, lakini msiisamehe vali kwa kipimo hicho peke yake.

Kuibadilisha si kazi kubwa, ila ni kazi ya usafi. Pampu iko upande wa mbele wa injini, na kutegemea mwaka wa gari mtaondoa mabomba ya hewa na kinga kadhaa kuifikia. Zimeni injini, acheni ipoe, chomoeni betri. Osheni pampu na eneo lote linaloizunguka, pulizeni kwa hewa mpaka kukauke, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye tundu la vali inakwenda moja kwa moja kwenye sehemu zilizochongwa kwa vipimo vya sehemu za elfu za milimita. Fungueni boliti mbili, zungusheni vali kidogo kidogo huku mkiivuta, msiipige nyundo wala kuitia bisibisi. Oringi mpya zipakwe dizeli safi, si grisi wala silikoni. Boliti zikazwe kwa 9 Nm tu. Mwili wa pampu ni alumini, na mkono wa fundi aliyezoea boliti za magurudumu unang'oa nyuzi zake mara moja. Kwa Hilux nyingi za 1KD na 2KD kifurushi kinachojulikana ni namba 04226-0L010, lakini muuzaji ahakikishe kwa namba ya chasi. Kuna SCV zinazokaa wazi bila umeme na kuna zinazokaa zimefungwa bila umeme. Zinafanana kwa macho, na iliyokosewa itawasumbua kuliko ile mbovu.

Vali ya zamani ikitoka, iangalieni kwa mwanga mkali kabla ya kuitupa. Kutu maana yake maji. Utando wa kahawia unaoteleza maana yake dizeli chafu au iliyokaa sana. Mkiona unga unaong'aa, vumbi la chuma, simameni hapo. Pampu yenyewe inajisaga. Vali mpya haitadumu, na ule unga umeshaanza safari ya kwenda kwenye nozeli. Hapo mwenye gari aambiwe ukweli wote, hata kama hautampendeza: pampu, tangi na mabomba vyote vinahusika.

Vali mpya ikishafungwa, jazeni dizeli kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, washeni, acheni injini ikae sailensa bila eyakondishina mpaka ipate moto. Kompyuta ilikuwa imejifunza tabia za vali ya zamani na inahitaji kujifunza upya. Skana ikiwa na chaguo la kufuta mafunzo ya pampu, litumieni. Mkiliacha, gari linaweza kuyumba siku za mwanzo na mkadhani mmetapeliwa dukani.

Hewa inafanana na SCV mbovu kiasi kwamba haifai kuhukumu moja bila kuipima nyingine. Kwenye hizi Hilux hakuna pampu ya umeme inayosukuma dizeli kutoka tangini. Pampu ya presha ndiyo inayoivuta. Bomba likipasuka kidogo upande wa kuvuta, halidondoshi dizeli, linaingiza hewa, kwa hiyo ukitafuta unyevu huoni kitu. Wekeni kipande cha bomba angavu, futi moja hivi, kati ya filta na pampu. Injini ikishakaa dakika tatu kwa mizunguko 2,000, ndani kuonekane dizeli tupu. Kiputo kimoja kimoja mwanzoni si neno. Mfululizo wa viputo usioisha ni kosa. Watuhumiwa wa kawaida ni pampu ya mkono juu ya filta, oringi ya sensa ya maji chini ya filta, klipu zilizochoka, na mabomba ya mpira yanayopita juu ya chasi karibu na tangi.

Kutenga upande wa tangi kuna njia nzuri, na pikapu inairahisisha. Chukueni dumu safi la lita 10 au 20 lenye dizeli mnayoiamini, lifungeni imara nyuma kwenye bodi, pelekeni bomba lake kwenye mlango wa filta na rudisheni ritani, yaani dizeli inayorudi kutoka kwenye injini, ndani ya dumu hilohilo. Lisiwekwe kamwe ndani ya kebini wala karibu na sailensa ya moshi. Endesheni kwenye kipande kilekile cha barabara. Kuyumba kukipotea, kosa liko kati ya tangi na filta. Kuyumba kukibaki, tangi halina hatia. Dalili ya chujio la ndani ya tangi nayo mwijue: gari linakwenda vizuri nusu saa, linaanza kulegea, mnasimama dakika tano, linaondoka zima. Uchafu uliokuwa umevutwa kwenye chujio umeanguka chini, utarudi tena. Na kabla ya kushusha tangi, fungueni mfuniko wake tatizo likiwa limeanza. Hewa ikivutwa ndani kwa sauti, mfuniko haupumui.

Juu ya dizeli yenyewe lazima niseme wazi, kwa sababu tunaua pampu nzuri kwa kutafuta nafuu ya shilingi chache. Dizeli ya Afrika Mashariki tangu 2015 inatakiwa isizidi salfa 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni. Usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia sehemu ya ulainishi wa asili, na ulainishi huo hurudishwa kwa viungo maalumu. HP3 haina oili nyingine kwenye vyumba vyake vya kusukumia, inalainishwa na dizeli hiyohiyo. Anayechanganya mafuta ya taa anapunguza ulainishi na uzito kwa pamoja, na kipistoni cha SCV ndicho kinachotangulia kukwaruzika. Serikali zetu zinalijua hili: Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji. Dizeli ya madumu kando ya barabara haina ulinzi huo. Kwa gari linalofanya kazi vijijini tunashauri filta ibadilishwe kila kilomita 10,000 na maji yafunguliwe kila 5,000, bila kusubiri taa.

Nozeli. Fundi wa Hilux ana bahati kwamba Toyota inaonyesha masahihisho ya mafuta ya kila silinda kwenye skana. Yatazameni injini ikiwa na moto, kwenye sailensa. Kila silinda ikae kati ya −3.0 na +3.0 milimita za ujazo kwa mpigo. Inayopita 5 upande wowote ina neno, ama nozeli, ama kompresheni ya silinda hiyo. Kipimo cha chupa nne za ritani kinafaa injini nyingi, ila kwenye 1KD bomba la ritani za nozeli limo ndani ya kifuniko cha vali, hivyo nje mtapata jumla tu. Na hapa nawasihi: injini ikiwa inazunguka, mtu asilegeze nati ya bomba la presha kutafuta silinda mbovu, kama tulivyofanya kwenye dizeli za zamani. Dizeli ya MPa 100 na kitu inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini mkono unaweza kukatwa. Ikimpata mtu, ni hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe ni dizeli ya presha.

Nimesema pedali ikitangulia kosa liko upande wake. Pedali ya Hilux hizi ina ishara mbili. Ikiwa imeachiwa, ya kwanza husoma kati ya volti 0.5 na 1.1, ya pili kati ya 1.2 na 2.0. Ikanyageni taratibu mno, kama mnataka kuchukua dakika nzima kufika chini, mkitazama grafu. Zipande pamoja, pengo likibaki karibu na volti 0.8. Mahali ambapo mguu hukaa siku zote barabarani ndipo panapochakaa, kwa hiyo shimo la ghafla kwenye robo ya kwanza ya mkanyago ni jibu tosha.

Lakini kabla ya kuilaumu pedali, ingizeni kichwa chini ya dashibodi. Magari mengi ya makampuni na ya abiria hapa kwetu yamefungwa spidi gavana, na nyingi zimekata waya za pedali zikajiingiza katikati. Gavana iliyopangwa kwa 80 ikisoma spidi kwa kusitasita, inakata kwenye 79, inaachia kwenye 77, inakata tena, na dereva anasikia kilekile tulichoeleza mwanzoni. Tatizo likitokea kwenye spidi moja tu, kila mara, gia ya nne na ya tano sawasawa, mshukuni gavana kwanza. Dawa yake ni kurudi kwa aliyeifunga airekebishe ishara ya spidi na maungio, si kuichomoa, maana gari linalotakiwa na sheria kuwa nayo haliruhusiwi kwenda bila hiyo. Trakka, vifaa vya kufuatilia gari kwa mbali, nazo ni vivyo hivyo. Rilei ya kuzima gari kwa mbali huwekwa kwenye waya wa kuwasha au wa kompyuta, maungio yanasokotwa na kufungwa tepu, na baada ya miaka miwili ya vumbi na mtikisiko umeme unakatika kwa nukta ya sekunde. Kukatika huko kunaleta mshtuko mkali zaidi kuliko kuyumba, na mara nyingine taa zote za dashibodi hupepesa kwa pamoja.

Upande wa hewa nitaupitia haraka. Kwenye mwendo mwepesi ndipo vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, inapofunguka zaidi, na ikiwa na masizi mazito inakwama na kuachia, mkiona kipimo cha hewa inayoingia kikicheza huku presha ya reli imetulia. Isafisheni pamoja na njia yake, na sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu, isipigwe petroli wala kuguswa kwa kitambaa. Turbo ya 1KD ya Hilux inasogezwa mabawa yake na mota ya umeme. Masizi yakikwamisha mabawa, presha ya turbo inapanda kupita inayotakiwa, kompyuta inapunguza, na mchezo unaanza. Linganisheni inayotakiwa na iliyopo kama mlivyofanya kwa reli. Mabomba ya intakula yaliyochanika hutoa mluzi na moshi mweusi, hayo yanajitangaza yenyewe. Hilux mpya za 1GD na 2GD zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosti zina jambo moja zaidi: kikijichoma, injini hubadilisha upulizaji kwa dakika kadhaa. Hiyo ni kazi yake.

Wenye pikapu za petroli kama 2TR-FE ya lita 2.7, kwenu chanzo cha kawaida ni mchanganyiko kuwa na hewa nyingi kuliko petroli. Someni asilimia za marekebisho ya mafuta. Zikiwa juu sana kwenye sailensa na zikashuka kwenye mizunguko 2,500, hewa inaingia kwa wizi baada ya sensa, tafuteni mabomba na gasketi ya manifoldi. Zikiwa nzuri kwenye sailensa na zikapanda kadiri gari linavyoenda, petroli haitoshi au sensa ya hewa inasoma pungufu. Kupita asilimia 10 kunahitaji jibu.

Na wenye dizeli za zamani zisizo na kompyuta, 3L, 5L, na 1HZ ya Land Cruiser, skana haina la kuwaambia, lakini bomba angavu na dumu vinafanya kazi ileile na kwenu ndiyo vya kwanza kabisa. Hewa ikiwa haipo, shikeni ekseli ya mkono wa mafuta juu ya pampu muitikise. Ikicheza na pembeni kuna unyevu wa dizeli, bushi zimekwisha, gavana ya ndani haipati msimamo. Pampu hiyo ishushwe iende kwa fundi mwenye benchi ya kupimia. Isifunguliwe chini ya mwembe.

Kazi ikiisha, rudini kwenye kipande kilekile cha barabara, spidi ileile, gia ileile, na mrekodi grafu zilezile tano. Pedali ikinyooka, presha iliyopo iandamane na inayotakiwa bila kupishana juu na chini. Grafu ya kabla na ya baada zihifadhiwe na kadi ya kazi, mwenye gari apewe nakala. Akishatembea kilomita 500 arudi, mfungue maji ya filta kwenye chupa safi ya kioo. Mkiona tone la maji au chembe nyeusi zikizama, tangi halikusafishwa vya kutosha, lishushwe tena kabla vali mpya haijaanza kukwaruzika.